Kutafuta Sauti za Redio za Zamani Ukiwa Amu: KBC, Nyaraka za Taifa, Uingereza au Kaseti za Nyumbani?

Mtu wa Amu, yaani Lamu, aliyekuwa na redio ya masafa mafupi mwaka 1960 alisemeshwa na miji mingi kwa lugha yake mwenyewe. Nairobi ilitangaza, Mombasa ilikuwa na Sauti ya Mvita, Unguja na Dar es Salaam zilikuwa na vituo vyao tangu 1951, Cairo ilianza Kiswahili mwaka 1954, na London ikafungua idhaa yake tarehe 27 Juni 1957. Gazeti lilikuwa na safari ndefu kabla ya kufika kisiwani. Mabishano ya barazani kuhusu Mwambao (madai ya ukanda wa pwani kujitenga na Kenya), uhuru na mambo ya Unguja yalisimama juu ya yale yaliyosikika usiku uliopita.

Atakayeandika historia ya miaka ile atataka kujua ni nini hasa kilichosemwa, na hapo ndipo wengi wanapokwama. Njia zipo nne, kila moja na mlango wake. Nimezilinganisha kwa ajili ya mtafiti asiye na chuo nyuma yake: mwalimu wa Mkomani anayekusanya historia ya mtaa, kijana wa Kiunga anayetaka kuelewa jinsi wazee wake walivyohama wakati wa vita vya Shifta (uasi wa kaskazini-mashariki mwa Kenya miaka ya 1960), mwandishi wa Malindi anayefuatilia siasa za Mwambao. Mwenye barua ya profesa ana watu wa kumfungulia. Hawa hawana.

Vigezo

Kila njia nimeipima kwa mambo matano. Kwanza, kilichomo: ni sauti yenyewe, maneno yaliyoandikwa, au barua za ofisini kuhusu matangazo? Haya ni mambo matatu tofauti na wengi huyachanganya. Pili, mlango: nani anaruhusiwa, na akiwa na karatasi gani. Tatu, gharama kwa mtu anayeanzia safari kwa boti ya Mokowe. Nne, uzito wa ushahidi: unaweza kuamini kiasi gani kwamba hiki ndicho kilichorushwa hewani. Tano, matumizi: ukishapata, unaruhusiwa kuchapisha au kumsikilizisha mwingine?

Kigezo cha kwanza nakipa uzito kuliko vyote. Amua kabla hujatoka nyumbani kama unatafuta sauti au unatafuta maneno. Anayesoma namna lahaja ya Kimvita ilivyotumika hewani atapoteza muda kwenye mafaili. Anayetaka kujua serikali ilihofia nini kuhusu redio ya Cairo hatakipata kwenye kanda hata moja.

Njia ya kwanza: KBC, Nairobi

*Kilichomo.* Shirika hili limebadilisha jina mara kadhaa, na ukikosea jina utatafuta mahali pasipo. Liliitwa Kenya Broadcasting Service miaka ya 1950, Kenya Broadcasting Corporation mwaka 1961, Sauti ya Kenya tangu 1964, kisha likarudia jina la KBC mwaka 1989. Maktaba yake ya kanda iko Broadcasting House, barabara ya Harry Thuku. Hapa ndipo penye matumaini makubwa ya kusikia sauti yenyewe: hotuba, taarab, mashairi, vipindi vya Kiswahili. Usitarajie kila siku iwe imehifadhiwa. Kanda zilikuwa ghali, na vituo vingi duniani vilifuta kanda ya jana ili kurekodia ya leo. Matukio makubwa yana nafasi nzuri zaidi ya kubaki kuliko taarifa ya jioni ya siku isiyo na jambo. Isitoshe, hakuna sheria iliyookoa matangazo kama ile ya Vitabu na Magazeti inavyowalazimisha wachapishaji kuwasilisha nakala.

*Mlango.* Hapa mtafiti wa kujitegemea ana nguvu kuliko anavyojua. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari iliyo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaweka utaratibu. KBC ni shirika la umma, kwa hiyo inahusika. Sheria hiyo inasema habari ni kumbukumbu kwa umbo lolote zilimohifadhiwa, na kanda imo. Ombi linaandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Hulazimiki kuwa wa chuo, na sababu zako haziwezi kutumiwa kukunyima haki hiyo. Ofisi ina siku 21 kukujibu, na inaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu ikiwa kazi ni kubwa. Ikinyamaza hadi muda uishe, sheria inahesabu kimya hicho kuwa kukataliwa, nawe una siku 30 kupeleka malalamiko kwa Ombudsman, yaani Tume ya Haki ya Utawala.

Sheria haitafuti kanda iliyopotea, lakini inakulazimishia jibu. Ninavyoona, kosa la wengi ni kuomba "kumbukumbu zote za Lamu". Ombi la aina hiyo ni rahisi kulikataa. Omba kwanza orodha: "Naomba orodha ya kanda za sauti za Kiswahili zilizorekodiwa Mombasa na Lamu kati ya 1961 na 1970, pamoja na namba zake." Orodha ikishakuja, andika ombi la pili ukitaja namba. Na kama jibu ni kwamba orodha haipo, liombe jibu hilo kwa maandishi, maana nalo ni ushahidi wa historia ya uhifadhi.

*Gharama.* Kuwasilisha ombi ni bure, na ada ya nakala haipaswi kuzidi gharama halisi ya kuitengeneza. Lakini kununua kipande cha sauti kwa ajili ya filamu au tangazo ni biashara nyingine, na bei yake ni nyingine. Eleza mapema kwamba wewe unataka kusikiliza kwa utafiti. Ongeza nauli ya Mombasa, kisha Nairobi, na malazi.

*Uzito wa ushahidi.* Mkubwa, mradi kanda iwe na tarehe. Kumbuka tu hii ilikuwa redio ya dola. Tarehe 1 Agosti 1982 wanajeshi walioasi walikiteka kituo, na mtangazaji Leonard Mambo Mbotela akalazimishwa kwa bunduki kutangaza kwamba serikali imepinduliwa. Siku hiyo ilionyesha wazi kwamba sauti unayoisikia na mtu anayeamua kisemwe nini ni wawili tofauti.

*Matumizi.* Hakimiliki ya matangazo na ya rekodi za sauti nchini Kenya hudumu miaka 50. Tangazo la 1963 lilitoka kwenye ulinzi huo mwisho wa 2013. Shairi lililosomwa ndani yake ni jambo la pili: mtunzi analindwa maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa.

*Anayefaa.* Raia wa Kenya mwenye swali linalohitaji sauti, subira ya miezi, na tarehe zilizokwisha kutafutwa kwingine.

Njia ya pili: Nyaraka za Taifa

*Kilichomo.* Jengo la Moi Avenue lina karatasi kuliko sauti. Utapata ripoti za mwaka za wilaya ya Lamu, barua za wizara iliyosimamia habari, mafaili ya utawala kuhusu mgogoro wa Mwambao. Humo ndimo unaposoma jinsi maofisa walivyozungumza wao kwa wao kuhusu redio, jambo ambalo redio yenyewe isingelitangaza.

*Mlango.* Rahisi kuliko yote kwa Mkenya. Unajisajili, unalipa ada ndogo, unaketi ukumbini. Mafaili ya serikali hufunguliwa yakitimiza miaka 30, na machache hubaki yamefungwa.

*Gharama.* Safari ndiyo inayouma, kwa sababu faili moja hukutuma kwenye jingine na siku zinapita. Soma orodha za mafaili kabla ya kitu chochote.

*Uzito wa ushahidi na matumizi.* Ni ushahidi mzuri wa fikra za serikali. Kwa kilichosikika Amu ni ushahidi wa mbali, maana ofisa aliandika alichoambiwa na mtu wake. Kunukuu hakuna shida ukitaja namba ya faili.

*Anayefaa.* Anayeanza. Hata mwenye lengo la kupata kanda angefanya vyema kupita hapa kwanza ili apate tarehe.

Njia ya tatu: Uingereza na ripoti za wasikilizaji wa redio

*Kilichomo.* Hapa pana sehemu tatu, na ni vizuri kuzitenganisha.

Ya kwanza ni Kew, penye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Mfululizo wa CO 822 una barua za Wizara ya Makoloni kuhusu Afrika Mashariki, na FCO 141 una mafaili yaliyosafirishwa kutoka makoloni na kufichwa kwa miongo mingi, yakaanza kufunguliwa mwaka 2012. Ya pili ni kituo cha nyaraka za maandishi cha BBC huko Caversham, karibu na mji wa Reading, penye barua na mafaili ya idhaa zake.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda zaidi kwa mtu wa pwani: ripoti za wasikilizaji. Tangu 1939 BBC iliajiri watu wa kusikiliza redio za nchi nyingine na kuandika zilichosema. Marekani ikafanya hivyo tangu 1941 kupitia FBIS, idara yake ya kusikiliza redio za kigeni. Ripoti hizo zilichapwa kila siku kwa miongo mingi. Humo mna taarifa za Nairobi, Dar es Salaam, Unguja na Cairo. Mna hata matangazo ya John Okello, kiongozi wa waasi, katika siku za mapinduzi ya Unguja yaliyoanza tarehe 12 Januari 1964, maneno ambayo wazee wengi wa mwambao wanayakumbuka kwa hofu na kila mmoja huyasimulia kwa namna yake. Unapotaka kulinganisha masimulizi hayo na kilichoandikwa saa ileile, hakuna mahali bora.

*Mlango.* Tofauti ya sheria za nchi mbili inafaa ieleweke. Sheria ya Kenya inamhudumia raia peke yake, lakini hifadhi ya KBC imo ndani ya sheria hiyo. Ile ya Uingereza, ya mwaka 2000, inaweza kutumiwa na mtu yeyote duniani, hata wewe ukiwa mtaa wa Langoni, Amu, na jibu hutakiwa ndani ya siku 20 za kazi. Ila BBC haibanwi na sheria hiyo kwa kumbukumbu inazozishikilia kwa ajili ya uandishi wa habari, sanaa au fasihi, na hayo ndiyo mengi anayoyatafuta mwanahistoria. Kwa hiyo Caversham unaingia kwa hiari ya shirika na kwa miadi. Utaratibu wake umezoea zaidi watafiti wa vyuo na waandishi wenye kazi iliyoagizwa. Mtu wa kujitegemea ajiandae kueleza kazi yake vizuri, na asishangae akikataliwa. Mimi naliona jambo hili kuwa si la haki. Idhaa ya Kiswahili ilisikilizwa na watu wa Lamu, Tanga na Ngazija ambao hawakuwahi kukanyaga chuo, na wajukuu wao wanastahili kusoma mafaili yake bila kuulizwa profesa wao ni nani. Kew haina sharti hilo: kitambulisho na anwani vinatosha kupata kadi, bila malipo.

*Gharama.* Viza na ndege huwaondoa wengi hapohapo. Habari njema ni kwamba Kew inauza nakala kwa agizo la mtandaoni, na sehemu ya ripoti za FBIS inasomeka bure kwenye Internet Archive. Mkusanyiko kamili uko kwenye hazina za kulipia ambazo vyuo vikubwa hununua. Ukiwa na rafiki mwenye kadi ya maktaba ya aina hiyo, mwandalie maswali mafupi yenye tarehe.

*Uzito wa ushahidi.* Tarehe na jina la kituo ni vya kuaminika sana. Udhaifu ni miwili. Waliochagua cha kuandika walitafuta siasa na usalama, hivyo salamu, mawaidha, taarab na bei za samaki viliachwa. Na maneno yaliyosemwa kwa Kiswahili yamehifadhiwa kwa Kiingereza. Ukirudisha nukuu hiyo kwenye Kiswahili, mwambie msomaji wako kwamba ni tafsiri ya tafsiri. Usimwekee msemaji maneno mdomoni.

*Matumizi.* Kunukuu kwa kiasi kwenye utafiti hakuleti taabu. Kuchapisha faili zima la BBC kunahitaji kibali.

*Anayefaa.* Anayefuatilia siasa, anayesoma Kiingereza bila shida, na mwenye intaneti ya kutosha.

Njia ya nne: kaseti za nyumbani

*Kilichomo.* Tangu redio kaseti zilipoenea, watu wa Amu walirekodi kwa wingi. Walinasa taarab kutoka redioni, darsa za Ramadhani, Maulidi ya Riyadha, harusi, mabishano ya mashairi. Mashairi ya Ustadh Mahmoud Mau yaliwafikia wengi kwa kaseti zilizopita mkono kwa mkono kabla hayajachapwa vitabuni. Na yule aliyenasa wimbo redioni mara nyingi alinasa pia dakika mbili za taarifa ya habari zilizofuata. Dakika hizo huenda zisiwepo mahali pengine popote.

*Mlango.* Ni mlango wa nyumba ya mtu, na una adabu yake. Huji na fomu. Unakuja na mtu anayekufahamu na anayemfahamu mwenyeji, mnakaa, mnaulizana hali za watu wa nyumbani, na habari ya kaseti inafuata kwa wakati wake. Mwenye kaseti akisema "njoo Jumatatu", njoo Jumatatu. Usiondoke na kasha zima siku ya kwanza hata ukiruhusiwa. Chukua chache, zirudishe zikiwa salama na nakala juu yake, kisha uone kama hutaitwa mwenyewe.

Kuna jambo zito zaidi. Kanda za harusi na za ngoma za wanawake zilirekodiwa kwa ajili ya wanawake waliokuwapo. Mwanamume asizisikilize wala kuzipeleka popote bila idhini ya walioimba, na wakiwa wamefariki, ya watu wao. Apatikane mtafiti mwanamke wa kuzifanyia kazi. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 ipo, lakini heshima ya mji huu ilitangulia.

*Gharama.* Ndogo kwa nauli, kubwa kwa muda. Unahitaji deki nzuri ya kaseti, waya wa kuiunganisha na kompyuta, na diski mbili. Kabla ya kuchezesha, vunja vijino viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti ili isirekodiwe juu kwa bahati mbaya. Safisha kichwa cha deki kwa spiriti kila baada ya kaseti chache, maana unyevu na chumvi ya hapa huacha uchafu mwingi. Kaseti za dakika 120 zina utepe mwembamba, usizirushe mbele na nyuma. Nakili kwa faili la WAV, kiwango cha kilohezi 48 na biti 24, ambacho watunza sauti duniani wanakihesabu kuwa cha chini kinachokubalika. MP3 itengeneze baadaye kwa ajili ya kusikilizisha watu. Diski moja ikae nyumba nyingine.

*Uzito wa ushahidi.* Sauti ni halisi; tarehe ndiyo shida. Maandishi ya juu ya kaseti huwa ya kanda ya zamani iliyofutwa. Tafuta tarehe ndani yake: jina la waziri aliyetajwa, habari ya mkutano, tangazo la bidhaa, jina la kituo. Kikiitwa Sauti ya Kenya, uko kati ya 1964 na 1989. Kisha peleka tarehe hiyo kwenye ripoti za FBIS uone kama habari inalingana. Andika pia nani alirekodi, wapi, kwa redio gani, na nani alikusimulia.

*Matumizi.* Mwenye kaseti si lazima awe mwenye hakimiliki ya kilichomo, lakini bila yeye huna kitu. Mwandikiane karatasi fupi ya Kiswahili: nini kinaruhusiwa, nini hakiruhusiwi, nakala itakaa kwa nani.

*Anayefaa.* Mwenyeji, au mgeni aliyekaa vya kutosha akajulikana. Pia anayechunguza maisha ya kawaida, dini, mashairi na muziki, mambo ambayo njia nyingine tatu hazikuyajali.

Uanzie wapi, kulingana na hali yako

Ukichunguza siasa za Mwambao kuanzia Tume ya Robertson ya 1961, iliyochunguza hatima ya ukanda huo, hadi mkataba wa tarehe 8 Oktoba 1963 uliouunganisha na Kenya, anza na Nyaraka za Taifa kwa tarehe, pita kwenye ripoti za wasikilizaji kwa maneno, kisha mwandikie KBC ukiomba siku mahususi. CO 822 iwe ya mwisho, kwa agizo la nakala.

Ukitafuta habari za watu wa Kiunga na Ishakani miaka ya Shifta, redio ya dola itakupa upande wa dola. Sikiliza wazee kwanza, urekodi, halafu nenda kwenye mafaili ukiwa na majina ya vijiji.

Mada yako ikiwa ya karibuni, mathalani uzinduzi wa LAPSSET (mradi wa bandari ya Lamu na njia zake za usafiri) tarehe 2 Machi 2012, huna haja ya kwenda mbali. Video za mashirika ya habari ziko YouTube, na KBC inaweza kukujibu kwa barua pepe. Pakua na uandike tarehe ya kupakua, kwa sababu video huondolewa bila taarifa. Hapo hakimiliki bado iko hai, hivyo nukuu kidogo na utaje chanzo.

Ukiwa mwanamuziki, mshairi au mtafiti wa lahaja, nenda kwenye kaseti moja kwa moja. KBC iombe sambamba, maana siku 21 zitapita ukiwa bado unanakili.

Ikiwa mzee mwenye kaseti ni mgonjwa au nyumba iko karibu kuuzwa, acha mengine yote yasubiri. Mafaili ya Kew yatakuwapo mwakani.

Na kama si raia wa Kenya, sheria ya 2016 haikupi haki ya kuomba. Shirikiana na Mkenya ambaye jina lake litakuwa kwenye ombi na kwenye kazi pia, uulizie mapema kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, na wewe ushughulikie upande wa Uingereza.